Mfua Visu na Amri ya Tano

Swali tunalotaka kulipima leo hatukulitafuta vitabuni. Limeletwa kwetu, sisi tunaofundisha katekismu, na watu wa kazi wenyewe, tena si mara moja. Swali ni hili: Mtu anafua visu na mapanga katika kibanda cha nyumbani kwake, anaviuza kwa haki, kisha siku moja kimoja kinamwaga damu ya mtu asiye na kosa. Je, mhunzi yule anayo sehemu katika damu ile? Amri ya tano inatukataza kuua. Yeye hakuua. Lakini makali yale ni kazi ya mkono wake.

Mahali pengine swali kama hili lingekuwa zoezi la wanafunzi wa seminari, la kubishania jioni baada ya chakula. Kwetu Butembo na Beni sivyo. Tangu Oktoba 2014, vijiji na mitaa ya Beni, Mbau, Oicha na Eringeti imezika watu waliokatwa kama miti. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa katika Kongo iliandika kwamba kati ya tarehe 1 Oktoba na 31 Desemba 2014 peke yake waliuawa raia wasiopungua 237, na kati yao wanawake 65 na watoto 35. Wauaji waliotajwa ni waasi wa ADF, kundi lililotoka Uganda na kuingia katika milima na misitu yetu katika miaka ya 1990. Vyombo vilivyotajwa ni mapanga, nyundo na visu, pamoja na bunduki. Tarehe 13 Agosti 2016 ikawa zamu ya Rwangoma, mjini Beni. Na katika miaka iliyofuata mauaji yalienea mpaka Lubero na Ituri.

Tazameni vyombo hivyo: panga, nyundo, kisu. Ni vyombo vya nyumba ya mkulima. Vyote vitatu vimo pia katika kibanda cha mhunzi. Ndiyo maana mhunzi anaulizwa, na ndiyo maana anajiuliza mwenyewe, akiwa peke yake mbele ya moto wake.

Kazi yenyewe

Asiyeijua kazi huihukumu upesi. Basi tuitazame kwanza kazi ya mhunzi.

Nyuma ya nyumba pana kibanda cha mabati machache, bila kuta, moshi upate kutoka. Fuawe ni kipande cha chuma kizito, pengine kilichotoka katika mashine iliyokufa. Mvukuto ni wa ngozi, au ni feni ndogo inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, na anayeizungusha ni kijana wa nyumba hiyo. Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Makala huja katika mifuko. Na chuma? Kwa kisu kizuri mhunzi hutafuta springi ya motokari. Barabara zetu za mashimo na matope zimevunja springi nyingi za malori, na pale dereva anapolia, mhunzi anavuna.

Springi hukatwa, hutiwa motoni mpaka iwe na rangi ya chungwa, hupigwa nyundo mpaka ipate umbo la ubapa pamoja na msuka wake, yaani mkia ule unaoingia katika mpini. Huachwa ipoe polepole, kisha huchongwa kwa tupa. Baada ya hapo yaja saa ya hatari, saa ya kukipa chuma ugumu. Ubapa hurudishwa motoni mpaka sumaku ikatae kuushika, na bado kidogo; hapo joto limefika kama digrii 800. Mara huzamishwa katika mafuta. Maji baridi hayafai kwa chuma cha namna hii, maana huweza kukipasua. Ukitoka katika mafuta, ubapa ni mgumu, lakini ukianguka huweza kuvunjika kama chupa. Basi husuguliwa uso wake ung’ae, ukarudishwa kwenye moto mdogo, mpaka uonyeshe rangi ya majani makavu, kisha ya kahawia. Hapo ni kama digrii 250. Ndipo kisu kinapopata mambo mawili pamoja, ugumu wa kushika makali na wepesi wa kupinda kidogo kisivunjike.

Hatusimulii haya ili kuwafundisha mafundi kazi yao, wangetucheka. Twataka wasomaji waone kwamba kisu ni kazi ya akili, ya macho na ya uvumilivu. Mtu hakai saa nyingi katika joto lile akiwaza mauti. Anamwaza mama atakayemenya muhogo na ndizi. Anamwaza mkulima wa kakao wa upande wa Beni, atakayepasua maganda bila kuharibu mbegu. Anamwaza mwenye mbuzi anayekata majani, na mtu wa safari anayehitaji kisu kimoja cha kukatia kamba, kuni na nyama. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, alimtazama mhunzi mbele ya fuawe, mvuke wa moto ukiyeyusha mwili wake, naye akisema kwamba pasipo watu wa kazi kama huyu mji haukaliki. Basi tusimdharau mtu ambaye Maandiko Matakatifu yamemheshimu.

Hapa papo hapo twaona kwamba kosa la kwanza linalomvizia mhunzi si la amri ya tano, bali la amri ya saba. Nondo ya kujengea nyumba ni chuma laini kuliko springi. Hata ukiitia mafuta mara kumi haishiki makali vema. Mtu akiifua, akaipaka mafuta ing’ae, akamwambia mjane kwamba ni springi, amemwibia. Na aliyeharakisha msuka, ubapa ukachomoka katika mpini na kumkata mwenye kazi, amemjeruhi jirani yake bila hata kumwona. Mwenye dhamiri ya kutodanganya katika chuma ndiye tutakayeweza kusema naye juu ya damu. Anayedanganya katika madogo hawezi kutusikiliza katika makubwa.

Je, chombo chenyewe ni kiovu?

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alilipima jambo hili kwa maneno machache. Alitenga kazi za namna mbili. Iko kazi ya kutengeneza kitu ambacho mtu hawezi kukitumia pasipo dhambi, kama vile sanamu ya kuabudiwa. Huyo anayekitengeneza anatenda dhambi. Na iko kazi ya kutengeneza kitu kinachoweza kutumiwa vema au vibaya, naye akataja mfano wa upanga na mishale. Kazi hiyo yenyewe si dhambi. Ikiwa upanga, uliofanywa kwa vita, umehesabiwa hivyo, kisu cha kumenyea muhogo kitahukumiwaje?

Lakini Mtakatifu Toma hakuishia hapo. Aliongeza kwamba kitu kikitumiwa kwa uovu mara nyingi kuliko kwa wema, yampasa mtawala kukiondoa katika nchi, hata kama kazi yenyewe si dhambi. Basi tuhesabu. Katika siku moja, panga za eneo letu hukata migomba, hufyeka majani, hupasua kuni, hufungua njia ya maji, mara elfu nyingi, pasipo mtu kuumia. Anayetaka kuondoa panga anataka kuondoa shamba. Na anayeondoa shamba ameua kwa njaa watu wale wale aliosema anawalinda.

Wako wanaosema: Heri mhunzi wa Kikristu afunge kibanda chake mpaka amani irudi. Tunawaheshimu kwa huruma yao, lakini hebu wasome Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13. Huko tunasimuliwa kwamba Wafilisti waliwanyima Waisraeli wahunzi, wakiogopa wasije wakajifanyia panga na mikuki. Ikawa kila mkulima wa Israeli ameshuka kwa adui yake kunoa jembe na shoka, tena kwa malipo. Na siku ya vita, katika jeshi lote, hakuonekana mwenye upanga wala mkuki isipokuwa Sauli na mwanawe Yonatani. Taifa lile lilipokosa mhunzi halikupata amani. Lilipata bwana wa kulitawala.

Tena tusijidanganye. Siku mhunzi wa Butembo atakapofunga, sokoni patabaki mapanga yaliyotoka viwandani ng’ambo, na mwuaji atanunua hayo. Na akikosa panga ana bunduki. Padri Vincent Machozi, Mwasumpsio, aliyekuwa akiandika habari za mauaji ya watu wetu, aliuawa kwa risasi usiku wa tarehe 20 Machi 2016 huko Vitungwe, karibu na Butembo. Hakuna mhunzi wa nyumbani aliyeifua risasi ile. Chuma chapita mlango wowote ulio wazi. Moyo ndio unaokiita.

Jibu jepesi, nalo halitoshi

Basi je, mhunzi aseme: Mimi ninauza tu, kisu hakina dhamiri, mnunuzi atajibu mwenyewe? Wengi husema hivyo, nao wanalala usingizi. Lakini jibu hili ni jepesi mno, na Kanisa lilikwisha kulikataa zamani.

Mwaka 1679 Baba Mtakatifu Inosenti wa 11 alihukumu mafundisho mengi potovu yaliyokuwa yakienea wakati ule. Moja lilikuwa hili: kwamba mtumishi anayejua kuwa bwana wake anapanda dirishani ili kumnajisi msichana, naye akamwinamishia mabega yake au akamshikia ngazi, hatendi dhambi ya mauti, maadam anaogopa kupigwa au kufukuzwa kazi. Baba Mtakatifu akasema mafundisho hayo yasishikwe. Tazameni: ngazi ni kitu chema. Kushika ngazi si dhambi. Mtumishi hakutaka uovu ule kwa nafsi yake, tena alikuwa na hofu. Hata hivyo alijua, na kwa kujua kwake mikono yake haikuwa tena mikono ya kushika ngazi tu.

Ndipo waalimu wa dhamiri, na Mtakatifu Alfonso wa Liguori (1696–1787) akiwa mmoja wa wakuu wao, walipotufundisha kupambanua. Kuna kushirikiana na mwovu katika nia yake. Jambo hilo ni dhambi siku zote. Na kuna kutoa kitu au kazi ambayo mwovu ataitumia, pasipo sisi kutaka uovu wake. Hili la pili hupimwa: Je, jambo ninalotoa ni jema kwa asili yake? Je, ninajua nini, au ningeweza kujua nini kama ningefumbua macho? Je, niko karibu na uovu ule au mbali nao? Je, nina sababu nzito kadiri ya madhara yanayoogopwa?

Tuchukue mfano wa jirani zetu. Mtafiti Alison Des Forges aliandika mwaka 1999 kwamba hati za ruhusa za kuingiza bidhaa katika Rwanda, toka Januari 1993 hadi Machi 1994, zilionyesha kilo 581,000 za mapanga. Wakulima wa Rwanda walihitaji mapanga kila mwaka, hilo ni kweli. Lakini idadi ile ilipita sana ile ya miaka iliyotangulia. Mtu aliyetia sahihi, aliyeona hesabu imepanda vile wakati nchi inachemka, akasema “mimi ni mfanya biashara tu,” alikuwa ameshika ngazi. Na mhunzi wa kijijini aliyemfulia mkulima panga moja mwezi ule ule hakushika ngazi yoyote. Chuma kilikuwa cha namna moja. Tofauti ilikuwa katika kujua.

Mhunzi anauona uso

Hapa ndipo tunapofika katika jambo kubwa tunalotaka kulisema. Kiwanda cha mbali hakimwoni mnunuzi. Duka la jumla huona fedha. Bali mhunzi wa nyumbani anauona uso. Mnunuzi huja mpaka kibandani, huketi juu ya gogo, hushika mpini, husema ni mnene au ni mwembamba, hulalamikia bei. Wanazungumza habari za mvua na za bei ya kahawa. Kujua huko wengine wanakuhesabu kuwa mzigo. Sisi twasema ni wajibu aliopewa na Mungu, tena ni neema ya kazi yake.

Kwa maana anayeona aweza kupambanua. Mkulima hupima panga kwa mkono, kwa sababu mkono wake ndio utakaochoka nayo. Huuliza kama yafaa kwa migomba au kwa majani. Hubishana bei mpaka jasho limtoke. Mama huomba ncha ipunguzwe, asiumie anapomenya, tena kwa sababu ana watoto wadogo nyumbani. Lakini mtu akija jioni, akaagiza mapanga ishirini ya namna moja, asiyapime, asiulize chuma chake, akatoa fedha zote pasipo kubishana, akaomba jambo hili lisisemwe. Au akiomba kisu chembamba chenye makali pande mbili na ncha kali, kisichofaa jikoni wala shambani. Mhunzi huyo hawezi tena kusema kwamba hakujua. Labda yuko mwenye shamba kubwa anayewanunulia vibarua wake. Huyo ataeleza kwa furaha, na watu watamshuhudia. Asiyeeleza asipewe.

Mtasema: Na hasara? Watoto wake wanalala na njaa, fedha iko mezani, naye aikatae? Ndiyo, ndugu. Mtumishi yule wa ngazi naye alikuwa na watoto labda. Ni vigumu, nasi hatusemi kwamba ni rahisi. Lakini fedha ya mapanga ishirini hulisha nyumba kwa majuma machache, na wasiwasi hula moyo wa baba mpaka kaburini. Na kama mwenye kuagiza ni mtu wa kutisha, aliye na silaha, mhunzi asijaribu kuwa shujaa peke yake katika giza. Aseme hana chuma, aseme moto umeharibika, kisha mapema awaendee wakubwa wa mtaa anaowaamini. Kusema hana chuma huku anacho, kwa mtu anayekuja kutafuta silaha ya kuua, ni jambo ambalo waalimu wanalibishania. Lakini hakuna mwalimu atakayemlaumu mhunzi kwa kuwa hakumpa.

Mgeni asiye na shahidi

Tungeweza kuishia hapa, tukawarudisha wahunzi nyumbani na neno moja: Jihadharini na msiowajua. Lakini neno hilo, likiachwa peke yake, ni kisu kingine, tena kibaya kuliko vile tulivyovitaja.

Fikirini ni nani anayefika kibandani pasipo mtu wa kumshuhudia. Mara nyingi ni mtu aliyekimbia. Ametoka vijiji vya eneo la Beni, ameacha kakao ikioza mtini, ametembea na watoto mpaka Butembo, kilomita 50 na zaidi. Hana jembe, hana panga, hana sufuria. Mtu mwema wa parokia amemwazima kipande cha shamba. Sasa anahitaji panga kuliko mtu yeyote wa mtaa ule, na ndiye asiyejulikana na mtu yeyote wa mtaa ule. Mhunzi akimfukuza kwa sababu ya matamshi yake, au kwa sababu ya kabila, amemnyima mkate, na wale waliomfukuza kijijini wamemfukuza mara ya pili kwa mkono wa Mkristu.

Na shuku haiishii kwenye kunyima. Mwishoni mwa Oktoba 2014, mjini Beni, kundi la watu lilimpiga mawe kijana mmoja mpaka akafa, likamchoma moto. Kwa habari zilizotolewa wakati ule, abiria wenzake katika basi walimshuku kwa sababu mbili: hakujua Kiswahili, na alikuwa na panga. Hakuhukumiwa na baraza lolote. Jina lake halikutajwa. Tunaomboleza wafu wetu wa mwezi ule kwa haki. Basi tumwombolezee na huyu, maana yeye pia alikufa mikononi mwa watu waliokuwa na hofu, nao wengi wao labda walibatizwa.

Basi afanyeje mhunzi, katikati ya hatari hizi mbili? Tunashauri hivi: aulize habari za kazi, asiulize habari za kabila. Mazungumzo yawe kama haya.

“Hodi, Papa. Ninataka panga.”

“Karibu, ndugu yangu, keti. Panga ya kazi gani?”

“Ya kufyeka. Tumepewa kishamba kule bondeni.”

“Nani aliyewapa?”

“Mama mmoja wa jumuiya, jirani na shule.”

“Ninamfahamu. Udongo wa kule una mawe. Nitakufulia nene kidogo, ikigonga jiwe isipasuke. Utakuja kuichukua kesho kutwa, mje pamoja na mama huyo, anisalimie.”

Katika maneno haya mhunzi hakumtukana mgeni, wala hakuuza kwa kufumba macho. Amemhudumia kama mtu, na kwa kumhudumia amemjua. Mwenye nia mbaya hukimbia maswali ya namna hii, kwa kuwa hana shamba, hana bonde, hana mama wa kuja naye. Mwenye shida huyafurahia. Pengine ni mara ya kwanza tangu alipokimbia kwamba mtu amemwuliza habari za udongo wa shamba lake. Kama hana kabisa wa kumshuhudia, mhunzi amwulize mkuu wa nyumba kumi, au katekista, au wazee wa jumuiya ndogo. Hiyo ndiyo kazi yetu, nasi tusikwepe kusumbuliwa. Mhunzi asiachwe kuwa mwamuzi peke yake, maana dhamiri ya mtu mmoja usiku huogopa au hulala. Dhamiri ya jumuiya yaweza kukesha kwa zamu.

Na kama damu imekwisha kumwagika?

Limebaki swali la mwisho, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini. Mhunzi aliuliza, akaangalia, akauza kwa haki. Panga ile ikaibwa shambani, au mnunuzi akadanganya vizuri sana, au akageuka mwaka wa pili. Ikaua. Je, mhunzi aungame?

Kwa upande wa hatia tunajibu waziwazi: la. Dhambi ni ya nia na ya kujua. Palipokosekana vyote viwili, naye hakuzembea, hapana dhambi ya kuungama. Asijivike kosa lisilo lake, kwa maana huo nao ni uongo, na shetani hupenda kuwachosha watu wema kwa mizigo ya watu wabaya. Padri atamwambia hivyo, naye amsadiki.

Lakini mtu asiye na hatia hakatazwi huzuni. Aweza kusikitika kwamba kazi ya mkono wake imetumiwa hivyo, na huzuni hiyo ni njema ikimtoa nyumbani kwenda kwa wafiwa. Awalimie. Awanolee visu vyao bure. Asifanye hivyo kama mwenye kulipa deni, bali kama jirani aliyeguswa karibu kuliko wengine.

Tarehe 1 Februari 2023, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye amefariki mwaka 2025, aliwapokea watu walioteswa katika mashariki ya nchi yetu. Mmoja alikuwa kijana mkulima wa eneo la Beni. Alisimulia alivyouawa baba yake, kisha akaweka chini ya msalaba wa Kristu panga iliyo sawa na ile iliyomwua. Tuliposikia habari hiyo wengi tulilia. Tukafikiri pia jambo lingine. Kijana yule ni mkulima. Siku aliporudi nyumbani, shamba lilihitaji panga. Aliyeweka panga chini ya msalaba ndiye anayepaswa kuishika tena asubuhi ili aishi, na kuishika pasipo chuki. Hakuna kazi ngumu kuliko hiyo, na mhunzi amsaidie kuifanya kwa kumfulia chombo cha kazi, chombo chema, kutoka mkono anaoweza kuuamini.

Nabii Isaya alitabiri siku ambayo mataifa yatafua panga zao ziwe majembe. Watu wengi hulipenda neno hilo, lakini wachache hufikiri ni nani atakayeifanya kazi ile. Nabii hakusema kwamba chuma kitatupwa baharini. Alisema kitafuliwa upya. Maana yake siku ile patahitajika moto, fuawe, nyundo, na mtu anayejua rangi ya chuma kilicho tayari. Basi, enyi wahunzi wa Butembo na Beni, msizime moto wenu. Fueni vema, msidanganye katika chuma, mtazameni kila mnunuzi usoni, mkatae panapopasa kukataa, na mgeni mwenye shida msimfukuze. Na sisi wengine tunaonunua, tusiwaachie mzigo huu peke yao: tuwashuhudie jirani zetu wageni kwa haki, na tunapowajua wenye nia mbaya tusinyamaze kwa sababu ni ndugu zetu. Mungu aliyempa mhunzi mkono wa kufua ampe pia macho ya kuona, nasi atupe moyo wa kusimama pamoja naye.